NILIVYOIUA JEEP YA MAREHEMU BABA KWA KUTAFUTA KIKI



Najua mmezoea kuja humu kuchukua ubuyu wa watu. Nani kaachana na nani, nani kaazima gari la mtu kapiga nalo picha halafu kaandika "Mungu ni mwema". Nimewacheka sana hao watu humu ndani, tena kwa herufi kubwa. Leo ubuyu ni wangu mwenyewe, na ukimaliza kusoma una ruhusa ya kunicheka. Nimeukalia muda mrefu kwa sababu unaniuma.

Majina ya watu wote kapuni. La gari tu ndio nalitaja: Jeep Cherokee ya mwaka 1996, ya kijani kilichokolea, ipo hapa hapa Tabora, mtaa wa Kanyenye, uani kwetu chini ya mwembe.

Mshua aliinunua mwaka 2009 kwa jamaa mmoja aliyekuwa anahama mkoa kikazi. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Kwa ambao hamjawahi kuiona, ile Cherokee ni ya boksi kabisa, kona zake kama kabati la vyombo. Zilikuwa zinatengenezwa Toledo, Ohio, kule Marekani, kuanzia miaka ya 80 mpaka 2001. Zenye usukani wa kulia zilipelekwa Japani, zikauzwa mpaka kwenye maduka ya Honda, halafu kutoka Japani zikateremka kwetu kama mtumba mwingine wowote. Injini lita 4, silinda 6 za mstari mmoja, inakunywa mafuta kama mtu anayefuturu. Gia boksi ni auto.

Baba alikuwa mtu wa reli, mzaliwa wa Ujiji, mguu wake wa kushoto ulikuwa mbovu tangu ujana. Ndio maana alitaka auto, klachi isingewezekana. Kila Jumapili asubuhi alifungua boneti, akachomoa vijiti vya oili, akaangalia yale maji ya kijani ya kwenye rejeta, halafu akaandika kwenye daftari. Daftari lenyewe la shule, la kurasa 96, lilikaa kwenye droo ya dashibodi. Tukimcheka anasema, "Gari ni kama mgonjwa wa sukari, lazima awe na kadi yake."

Alifariki Agosti 2021. Tulimzika kwao Ujiji. Kaka yangu yupo Kahama, anafanya kazi mgodini. Nyumbani nikabaki mimi na bi mkubwa, mimi na Divisheni 4 yangu ya kidato cha nne, nauza mitumba mtandaoni na kuandika blogu hii mnayosoma. Na funguo ya Jeep nikabaki nayo mimi.

Sasa hapo ndipo ujinga ulipoanzia.

Nilijifundisha kuendesha kwa kuomba omba, wiki mbili nikawa naweza. Nikaanza kupiga picha. Miwani, mguu mmoja nje ya mlango, mkono kwenye usukani. "Boss lady wa Unyanyembe." Nyie wenyewe mlipenda, msijifanye hamkumbuki. Watu wa Dar wakawa wanauliza huyu dada wa Tabora anafanya biashara gani. Mimi kimya, naweka kimdomo tu. Sikuwahi kusema gari ni la marehemu baba yangu. Niliacha watu waamini wanavyotaka kuamini, na kwa mtu anayeishi kwa kuumbua wengine humu ndani, huo ulikuwa uongo wa wazi.

Rejeta ikipungua nilikuwa naongeza maji. Maji ya bomba. Kulanti inauzwa, bomba lipo uani. Nilifanya hivyo miezi kumi na sita. Daftari sikuligusa kabisa, nilikuwa nalisukuma pembeni nikitafuta lipu shaini.

Dalili zilikuja taratibu. Ukiweka D, gari inafikiria kwanza. Sekunde mbili, tatu, halafu inaruka kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Baadaye ikawa nikikanyaga mafuta, injini inapiga kelele, mshale unapanda, gari yenyewe inajivuta. Siku moja nikachomoa kijiti cha oili ya gia boksi. Oili ile inatakiwa iwe nyekundu inayoonesha, kama juisi ya choya. Yangu ilikuwa ya pinki nzito, kama maziwa yaliyomwagiwa choya. Nikaifuta na kanga, nikarudisha kijiti, nikafunga boneti. Nikaendelea na maisha.

Februari 2023 akaja msanii mmoja kupiga shoo mjini kwetu. Jina kapuni, ila mnamjua. Mtu wake akanicheki: wameiona Jeep, wanaitaka kwenye video, laki tano kwa siku moja. Laki tano wadau! Halafu na mimi nionekane nikiendesha. Sikulala usiku ule.

Video ilikuwa inapigwa Kwihara. Kama hujafika Tabora, Kwihara ni kilomita chache nje ya mji, kuna tembe lile la makumbusho alilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Njia ya huko ina miembe, na wazee wanasema miembe ya namna ile ndiyo alama ya misafara, watu walikula embe wakatupa kokwa. Kulikuwa kuzuri sana siku ile, mvua imenyesha, kila kitu kijani. Msanii kavaa makoti, mimi nimesuka, kamera inazunguka.

Mara ya kwanza tukapita vizuri. Mara ya pili dairekta akasema, "Dada, kanyaga, nataka vumbi." Nikakanyaga. Injini ikalia mpaka ndege wakaruka kwenye mwembe, na Jeep ikasimama. Nikaweka R, hakuna kitu. D, hakuna kitu. Ni kama kijiti cha gia kilikuwa kimeunganishwa na hewa.

Vijana wanne wa pale kijijini wakasukuma mpaka barabarani, na mimi nikasukuma na kucha zangu mpya. Kuna mtu akarekodi. Ile klipu mliiona. Iliandikwa "Boss lady akiwa mpagazi". Ilitembea kuliko video yenyewe, ambayo mwishowe walitumia gari lingine. Laki tano sikuipata, na sikudai.

Nyumbani nikamwambia bi mkubwa, "Gari imezeeka tu mama, ilikuwa siku zake." Sikusema habari ya video wala ya oili ya pinki. Bi mkubwa hana simu ya mtandao, nikajua nimepona.

Wiki mbili baadaye kaka akaja kutoka Kahama. Alikuwa kashaongea na mnunuzi wa vyuma chakavu, milioni moja kasoro, wanakuja kuikata uani. Kaka si mtu mbaya. Ana watoto watatu na ndiye anayetuma hela ya dawa. Akasema, "Mama, hiki ni chuma sasa hivi. Tukikiacha mvua ijayo hata hiyo bei hatupati."

Mama alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua kichwa. Akasema tu, "Sasa Ujiji nitaendaje?"

Mama ana miguu inayovimba. Basi hawezi, akikaa saa tatu bila kunyoosha miguu anashuka akibebwa. Tangu mazishi hakuwa amerudi kaburini. Kumbe muda wote ule mimi napiga picha, yeye alikuwa anaihesabu ile Jeep, siti ya nyuma, atanyoosha miguu, ataenda. Hakuwahi kuniambia, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Nikamwomba kaka miezi minne. Akanipa mitatu.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana, gereji inapendeza, mziki unapiga. Akachomeka kimashine, akasema sensa. Laki na ishirini ikaenda, gari haikuenda. Akarudi na wazo la pili: tung'oe auto yote tuweke ya manyuo. Na wengi hapa mjini ndivyo wanavyofanya auto ikizingua, ila kwenye Jeep ina maana uweke pedali ya klachi, flaiwili nyingine, propela zipimwe upya. Na mimi mwenyewe klachi siijui. Nikasema hapana.

Ndipo mama akaniambia nimtafute mzee mmoja, rafiki wa baba, fundi mstaafu wa karakana ya reli. Nikamkuta kwake amekaa kwenye kigoda anakula matobolwa na chai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe si yule wa kusukuma gari?"

Kumbe hata wazee wana WhatsApp.

Alikuja uani na begi la spana na mjukuu wake. Kitu cha kwanza alichofanya hakugusa spana. Alichomoa fyuzi moja tu, ya komputa ya gia boksi. Akanieleza kuwa kwenye gia boksi hii komputa kazi yake ni kuamua gia gani iingie lini. Ukiikata umeme, kijiti kinabaki kama cha mkono: ukiweka 1-2 unapata gia ya kwanza, ukiweka 3 unapata ya tatu, ukiweka D unapata ya nne. "Kama ugonjwa upo kwenye waya na sensa, gari itatembea sasa hivi. Isipotembea, ugonjwa upo tumboni." Akawasha, akaweka 1-2. Injini ikalia, gari ikatetemeka kidogo, basi. Jaribio la dakika tano, bure kabisa. Nikaikumbuka laki na ishirini yangu.

Kesho yake kaka alikuwa bado yupo. Mzee akaingia chini, akafungua nati ya sampo. Kilichotoka kilikuwa uji wa pinki, na nyuma yake maji yenye kutu. Akachota kwenye kopo la bati akaliweka mezani kama daktari.

Akatuchorea chini kwa kijiti. Oili ya gia boksi inapata moto sana ikifanya kazi, kwa hiyo inatolewa kwa bomba mbili nyembamba mpaka ndani ya tenki la rejeta, inapoozwa humo, inarudi. Oili na maji ya rejeta vinapita sehemu moja, vimetengwa na ukuta mwembamba wa chuma. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu. Maji ya bomba hayana. Ukuta ukiliwa, maji yanaingia kwenye oili. Na zile pleti za klachi za ndani zimebandikwa kitu kama karatasi ngumu kwa gundi, zikinywa maji gundi inaachia, inabanduka vipande vipande.

Halafu akauliza, kwa upole kabisa, "Nani alikuwa anaweka maji matupu humu?"

Kaka akaniangalia. Mama alikuwa mlangoni.

Nikasema, "Itakuwa baba. Ndivyo alivyozoea."

Wadau, nimeandika mambo mengi mabaya humu ndani kuhusu watu. Sijawahi kusema sentensi mbaya kuliko hiyo. Na ilitoka kirahisi, bila hata kumeza mate. Mtu aliyekufa hawezi kukukatalia. Kaka akatikisa kichwa, akasema, "Mzee naye mwisho mwisho alichoka." Mama akarudi ndani.

Jioni kaka alipoondoka, yule mzee akanawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni, taratibu. Akafungua mlango wa mbele, akatoa daftari kwenye droo ya dashibodi, akanipa. Hakusema neno. Akabeba begi lake, yeye na mjukuu wakaondoka.

Nikalisoma usiku kwa mwanga wa simu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa Julai 2021. Mwandiko ulikuwa unatetemeka lakini unasomeka. Tarehe, kilomita, kulanti lita moja imeongezwa, oili ya gia boksi safi nyekundu. Wiki tatu baadaye alikuwa amekufa. Mtu anaumwa, hawezi kumaliza bakuli la uji, lakini ametembea na ule mguu mpaka uani kuangalia rangi ya oili. Na mimi nimemsingizia mbele ya mke wake.

Nilikaa siku mbili. Siku ya tatu nikamwambia mama vyote: maji, video, laki tano, klipu. Nikampa daftari ingawa kusoma kunamsumbua. Alilishika tu. Akasema, "Nilijua si yeye. Nilikuwa nangoja niambiwe na nani." Halafu akaniambia nimpigie kaka mwenyewe, asiambiwe na mtu. Nikapiga. Kaka alisikiliza mpaka mwisho, akakata simu. Hakunipigia wiki tatu.

Sasa ikaja kazi yenyewe. Mzee alipoisugua gia boksi pembeni, tukakuta kibati. Kimeandikwa AISIN-WARNER, JAPAN. Akacheka mpaka akakohoa. "Mmarekani wako ana tumbo la Mjapani." Kumbe ndivyo zilivyo: Jeep hizi za injini ya lita 4 zilifungwa gia boksi inaitwa AW4, ya Aisin-Warner, kampuni iliyozaliwa Japani mwaka 1969 kwa ubia wa Wajapani wa Aisin na Wamarekani wa BorgWarner. Ni ukoo mmoja na gia boksi za Toyota, zile za A340 zilizofungwa kwenye Hilux Surf na nyingine kibao.

Nikadakia, "Basi tununue ya Surf, si zipo!" Mzee akakataa. Ndani ni ndugu, sili na pleti nyingi zinafanana, lakini ile kengele ya mbele inayofungwa kwenye injini ni ya Jeep, na nyuma inapokutana na transfa ni ya Jeep. "Ndugu wa damu, lakini hawavai kiatu kimoja." Kwa hiyo njia mbili: kufungua hii na kuijenga upya, au kutafuta nyingine nzima ya Cherokee. Alipofungua sampo na kukuta vipande vya chuma kwenye sumaku, njia ya kwanza ikafa.

Mnakumbuka nilipotea humu miezi minne, mkaandika kwenye komenti nimeolewa Oman? Niliuza simu. Ile ile ya picha, ya Boss lady. Nikachukua na mgao wangu wa kikoba. Nikaenda Dar, Ilala, Gerezani, siku tatu nazunguka kwenye vumbi la spea. Nikapata moja iliyotolewa kwenye Cherokee iliyogongwa nyuma. Mzee alinifundisha cha kufanya: chomoa kijiti, nusa. Iliyoungua inanuka kama kitambaa kilichoachwa chini ya pasi. Hii ilikuwa nyekundu na haikunuka. Milioni moja na laki tatu, pamoja na konvata yake.

Nikairudisha kwa treni ya reli ya kati. Hiyo reli ilianzwa Dar mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kwa sehemu kubwa inafuata njia ile ile waliyopita wapagazi na pembe za ndovu: pwani, Ugogo, Manyoni, huku kwetu. Mpagazi alikuwa anabeba kama kilo thelathini. Gia boksi yangu ilikuwa na kilo sabini na kitu, mzigo wa watu wawili na nusu. Usiku ndani ya behewa nilikuwa naamka kila kituo nikiwaza mzigo wangu usije ukashushwa Itigi. Pale Kwihara Livingstone alikaa kuanzia Machi mpaka Agosti 1872 akingoja wapagazi watumwe kutoka pwani. Shuleni nilikariri hiyo tarehe bila kuelewa kitu. Kwenye lile behewa ndio nikaelewa kungoja mzigo ni nini.

Kuing'oa ya zamani kulichukua siku mbili. Betri kwanza. Propela zote mbili, transfa, bomba za oili, plagi za waya, stata. Nati nne za konvata unazifikia kwa chini, unazungusha injini kwa mkono ili zije moja moja. Kuna kisensa kidogo juu ya kengele kinachosoma mzunguko wa injini, mzee alikitoa mapema kwa sababu ukisahau kinasagika, na bila hicho injini haiwaki.

Halafu zikaja bolti mbili za juu kabisa. Wamarekani waliweka kichwa cha nyota kilichogeuzwa nje, soketi ya kawaida haishiki. Mjukuu akajaribu kwa pliers, mzee akampiga kofi la mkono. "Ukikikwangua hicho kichwa tumekwisha." Siku nzima tukaenda gereji moja mpaka nyingine, mpaka fundi mmoja wa malori akawa nayo, saizi 12. Tukaunganisha ekstensheni tatu, mjukuu akalala chini, mzee akashika huku juu, mimi nikashika taa. Bolti ya kwanza ilipoachia ililia kama risasi, nikapiga kelele mtaa mzima ukasikia.

Siku ya kufunga nilipewa kazi moja: kusikiliza. Konvata ni lile duara la chuma kama kitumbua kikubwa, linakaa kati ya injini na gia boksi. Mzee alilimiminia oili kidogo, akaliingiza kwenye shina, akawa analizungusha na kulisukuma. "Hesabu," akaniambia. Tak. Likaingia kidogo. Tak. Likaingia tena. Mjukuu akataka kuinua jeki tumalize, kiza kinaingia. Mzee akasema bado. Akazungusha tena, muda mrefu, mpaka ikaja ile ya mwisho, nzito, likazama. Akanieleza: lisipozama lote, watu wanakaza bolti kwa nguvu ili lijae, na hapo linavunja pampu ya oili kabla gari haijawashwa hata mara moja. Gia boksi nzima inaenda na maji kwa sababu ya haraka ya dakika kumi.

Lilibaki la rejeta. Ile ya zamani ilikuwa haifai, ukirudisha hiyo umerudisha ugonjwa. Hela ilikuwa imeisha kabisa, nilikuwa na elfu kumi na saba. Nilikuwa nawaza kumkopa mtu wakati simu yangu ya tochi ikalia ujumbe. Hela imeingia kutoka kwa kaka. Dakika moja baadaye ukaja ujumbe wa pili: "Ya rejeta. Usiweke maji ya bomba."

Niliucheka ujumbe ule huku nalia, mjukuu wa mzee akaniona nimechanganyikiwa.

Tukaosha zile bomba mbili mpaka kikatoka kisafi, tukafunga rejeta mpya na kulanti, tukajaza oili aina ya Dexron. Gia boksi kavu kabisa inachukua kama lita 8, lakini hujazi kwa mkupuo. Unajaza kidogo, unawasha, unapitisha kijiti gia zote taratibu huku umekanyaga breki, inapata moto, unapima, unaongeza. Mzee akaniachia usukani. Nikaweka R. Nilisikia kitu kidogo kama mtu anakaa kwenye kiti, na Jeep ikarudi nyuma kwa upole mpaka karibu na jiko la mama.

Mama alitoka na mwiko mkononi. Hakusema kitu. Aliangalia tairi kama zinazunguka kweli.

Jumapili iliyofuata tukaijaribu mpaka Urambo, kilomita kama tisini, mji wa Mirambo. Mama siti ya nyuma, miguu ameinyoosha, mto mgongoni. Zamani nikiendesha mimi alikuwa haondoi macho barabarani, ameshika mlango. Baada ya kupita Usoke nikaona kwenye kioo kichwa kimelala dirishani. Amesinzia, mdomo wazi. Nikapunguza mwendo, gia ikashuka yenyewe bila kustuka, na mimi nikaendesha hivyo hivyo mpaka Urambo.

Desemba tulienda Ujiji, na kaka akaja. Hiyo sitaiandika humu. Sikupiga picha hata moja.

Daftari lipo pale pale kwenye droo. Chini ya mwandiko wa baba kuna wangu, mbaya kama wa kuku. Kila Jumapili: tarehe, kilomita, kulanti, rangi ya oili. Kati yetu kuna pengo la karibu miaka miwili na nimeliacha wazi, sikujaza kitu.

Haya wadau, ubuyu ndio huo. Na yule aliyerekodi klipu, simchukii. Alichoandika kilikuwa kweli, gari haikuwa yangu na nilikuwa nimebeba mzigo wa mtu. Wewe je, kuna kosa lako umewahi kumtupia mtu ambaye hawezi kujitetea? Ulirudi kulisema? Dondosha hapo chini, majina weka kapuni. Na kama una gari auto, kabla hujaandika komenti nenda kachomoe kijiti uangalie rangi.